Iafoni ikifa upande mmoja, sikio ndilo hulipa deni

Wahenga walinena kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Walikuwa wakimsema mkaidi, yule ambaye masikio yake ni mazima ila moyo wake ndio mgumu. Lakini je, mpenzi msomaji, vipi kuhusu mtoto ambaye angependa sana kumsikia mkuu wake ila sikio lenyewe limeanza kukataa?

Swali hilo nilirudi nalo majuzi kutoka Nyakoe. Kwa asiyepafahamu, Nyakoe ni soko lililo kando ya barabara kuu ya kutoka Kisii kwenda Kisumu, mwendo mfupi tu wa matatu kutoka mjini Kisii. Abiria anayepita hapo hawezi kukosa kuona mikungu ya ndizi iliyopangwa ikingojea wanunuzi na malori. Siku hizi, hata hivyo, pembeni mwa ndizi pana biashara nyingine. Wachuuzi wa vifaa vya simu wametundika chaja, vifuniko vya simu na iafoni, zile spika ndogo za kutia masikioni, zikining'inia kama shanga.

Dada yangu anaishi huko na mwanawe aliye kidato cha tatu. Nilipofika, kabla hata chai haijamiminwa, nilisomewa mashtaka.

"Huyu mpwa wako atanimaliza," dada alilalamika. "Tangu mwaka uanze nimemnunulia iafoni mara tano, kila moja shilingi mia. Mwezi hauishi kabla upande mmoja haujakufa. Ananiambia ni za kusikilizia masomo, lakini mimi nasikia ngoma tu zikivuja."

Nilicheka, nikidhani ni yale malalamiko ya kawaida ya mzazi. Kicheko kilikatika nilipoanza kuzungumza na kijana mwenyewe. Kila nilipomwambia jambo, aligeuza kichwa kidogo na kunipa sikio lake la kushoto. Nikamwuliza kulikoni.

"Mjomba, la kulia linasikia kwa mbali," alijibu bila wasiwasi. "Na usiku kuna kitu kinalia ndani kama nyenje. Lakini nimezoea."

Nimezoea! Ama kweli ujana una mambo. Mtoto wa miaka 16 anasema amezoea nyenje ndani ya sikio lake kama vile mtu anavyozoea kelele za jirani.

Nikamwuliza anavyotumia iafoni zake. Alieleza kuwa upande mmoja ukifa haoni sababu ya kuitupa, kwani ule mwingine bado unalia. Hutia huo uliobaki katika sikio la kulia. La kushoto huliacha wazi ili amsikie mamaye akimwita. Adabu njema kabisa! Na sauti je? "Naipandisha hadi mwisho, mjomba, kwa sababu upande mmoja hautoshi."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba dada alikuwa akihesabu hasara ndogo, huku hasara kubwa ikipita mlangoni bila kubisha.

UCHUNGUZI WA MAITI TANO

Kesho yake tulizikusanya iafoni zote tano, kwani kijana hakuwa ametupa hata moja, tukampelekea fundi wa simu hapo sokoni. Nilitaka kujua zilikufa kwa ugonjwa gani.

Mbili zilikuwa zimekatika shingoni mwa pini, yaani pale waya unapoingia katika kile kichuma cha kuchomeka kwenye simu. Hapo ndipo mahali dhaifu kuliko pote. Simu ikitiwa mfukoni huku pini imechomekwa, waya hukunjwa kila mtu anapoketi, kila anapoinama, kila anapopanda pikipiki. Ndani ya gamba la mpira mna nyuzi za shaba nyembamba kama unywele. Unywele wa shaba ukikunjwa mara elfu mahali pale pale hukatika, hata kama gamba la nje linaonekana zima.

Ya tatu ilikatika juu, pale waya unapoingia katika kidude cha sikioni. Hiyo ni kazi ya wale wanaoitoa iafoni sikioni kwa kuvuta waya badala ya kushika kidude chenyewe. Ya nne ilifuliwa pamoja na suruali. Na ya tano, msomaji, haikuwa imekufa hata kidogo! Kile kiwavu kidogo cha mdomoni kilikuwa kimezibwa na nta ya sikio. Fundi alikisugua taratibu kwa mswaki mkavu, mdomo ukiwa umeelekezwa chini, na sauti ikarudi kama mgonjwa aliyezinduka.

Fundi alinifunza mengine mawili ambayo ningependa nawe uyajue. Kwanza, nyuzi hizo za shaba hupakwa rangi inayozuia umeme ili zisigusane. Mara nyingi nyekundu huwa ni ya upande wa kulia, ya kijani au buluu ni ya kushoto, na ile yenye rangi ya shaba ndiyo ya pamoja, inayorudisha umeme kutoka pande zote mbili. Fundi asiyeichoma rangi hiyo kwanza kabla ya kulehemu, kazi yake haitashika. Utalipa leo na kurudi kesho.

Pili, kuna ugonjwa ambao huwachanganya wengi. Unasikiliza wimbo, vyombo vinasikika kwa mbali lakini mwimbaji ametoweka, kana kwamba anaimbia ndani ya kisima. Huo si wimbo mbaya. Ni ule waya wa pamoja uliokatika. Pande mbili hubaki zikipingana, na sauti iliyo sawa katika pande zote, ambayo kwa kawaida ni ya mwimbaji, hufutika. Wakati mwingine hali hiyo hutokea kwa iafoni mpya pia, kwa sababu pini yake imeunganishwa kwa mpangilio usiolingana na wa simu yako. Basi ukiisikia kwenye kibanda cha mchuuzi, rudisha kabla hujalipa.

KWA NINI UPANDE MMOJA NI HATARI

Sasa turudi kwa yule kijana na upande wake mmoja. Masikio mawili ni kama watu wawili waliobeba mkungu mmoja wa ndizi. Mmoja akiondoka, mzigo wote humwelemea aliyebaki. Ubongo hujumlisha sauti kutoka masikio yote mawili. Likibaki moja, wimbo ule ule huonekana umefifia. Isitoshe, kelele za soko na honi za matatu huingia kupitia lile sikio lililo wazi na kushindana na wimbo. Kidole gumba hufanya nini? Huenda kwenye kitufe cha sauti.

Sikio la kulia linapigwa sasa na sauti ambayo lisingehitaji kupigwa nayo. Kwa hivyo iafoni isiyodumu haili pesa tu. Inapokufa nusu inamfundisha mtumiaji tabia itakayoua sikio pia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa sikio, msomaji wangu, hakuna mwashi awezaye kuujenga.

Ndani kabisa ya sikio mna seli ndogo zenye vinyweleo, takriban 15,000 katika kila sikio la mtoto anapozaliwa. Hizo ndizo hugeuza mtetemo kuwa ujumbe wa kupelekwa kwenye ubongo. Kelele kali huzichosha kwanza, kisha huziua. Kwa binadamu, iliyokufa haioti tena. Nywele za kichwani ukizinyoa zitarudi. Hizi hazirudi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) limekadiria kuwa vijana zaidi ya bilioni moja ulimwenguni wamo katika hatari ya kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya mazoea ya kusikiliza sauti ya juu. Mwaka wa 2019 shirika hilo, likishirikiana na lile la kimataifa la mawasiliano (ITU), lilitoa viwango vya usalama vya vifaa vya kusikilizia. Kwa mtu mzima, sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki. Kwa watoto ni desibeli 75 kwa muda huo huo. Kila desibeli tatu zinapoongezeka, muda wa usalama hupungua kwa nusu. Ukifika desibeli 90 umebaki na saa nne tu kwa wiki nzima. Ukifika 100, ni kama dakika 20. Wiki nzima! Mpwa wangu alikuwa akizimaliza dakika hizo kabla chai ya asubuhi haijapoa.

SAUTI NZURI NI IPI?

Wengi hudhani iafoni nzuri ni ile yenye kelele nyingi. La hasha. Iafoni nzuri ni ile unayoweza kuisikiliza kwa sauti ya chini na bado usikose kitu.

Hebu tuangalie inavyofanya kazi. Ndani ya kile kidude mna kiwambo chembamba. Neno hilo si geni kwetu, kwani hata ngozi ya ngoma huitwa kiwambo. Nyuma ya kiwambo pameambatishwa koili ya waya wa shaba, na karibu nayo pana sumaku. Umeme wa wimbo unapopita katika koili, sumaku huivuta na kuisukuma, kiwambo hutetema, na hewa iliyo sikioni hutetema nacho. Kwa hivyo una ngoma ndogo inayolipigia kelele kiwambo cha sikio lako kutoka umbali mdogo sana.

Sikio zima la kijana husikia kuanzia mitetemo 20 hivi kwa sekunde, ambayo ni besi nzito, hadi 20,000, ambayo ni mlio mwembamba sana. Makasha mengi ya iafoni huandikwa nambari hizo hizo mbili kwa wino wa dhahabu. Usidanganyike. Nambari kwenye kasha haisemi kama sauti zote hizo zitasikika kwa usawa.

Nilipotaka kuijaribu iafoni pale Nyakoe, nilitumia wimbo wa obokano. Obokano ni ala ya nyuzi nane ya Abagusii, kubwa kuliko nyatiti ya Waluo, na sauti yake ni nzito yenye mvumo wa kutetema. Kwa iafoni duni, nyuzi nzito hutoweka na mvumo hugeuka kuwa mkwaruzo, kama mtu anayekwangua sufuria. Kwa iafoni njema, kila uzi husikika mahali pake, na mwimbaji hubaki juu yao bila kumezwa. Wewe tumia wimbo wowote unaoujua vyema, wenye sauti ya mtu na vyombo vizito. Masikio yako yatakuwa shahidi.

Kabla ya kulaumu besi, hata hivyo, tazama kifuniko cha mpira. Iafoni za kuingia ndani ya sikio zinategemea kuziba vizuri. Pakibaki upenyo, besi hutorokea hapo na mtu hupandisha sauti akidhani iafoni ni hafifu. Ndiyo sababu iafoni nyingi huuzwa na vifuniko vya ukubwa mbalimbali, aghalabu jozi tatu. Vijaribu vyote. Hata masikio ya mtu mmoja huweza kutofautiana. Kifuniko kinachoziba vizuri huzuia kelele za nje pia, na hivyo hukupa nafasi ya kushusha sauti.

ZISIZO NA WAYA JE?

Msomaji wa mjini ataniuliza: kwa nini kujisumbua na nyaya ilhali kuna zile za Bluetooth? Ni kweli dunia imeelekea huko. Mwaka wa 2016 Apple iliuza iPhone 7 bila tundu la pini, na kampuni nyingine zikafuata. Lakini simu nyingi za bei nafuu bado zina tundu hilo, na waya una faida zake.

Isiyo na waya haikatiki shingo, hilo nakubali. Lakini kila kidude kina betri yake ndogo, na betri hizo huzeeka kadiri zinavyochajiwa. Baada ya muda moja huchoka kabla ya mwenzake, na nyingi hazikutengenezwa ili zifunguliwe na fundi. Tena kidude kimoja kikianguka kwenye shamba la migomba, utakitafuta hadi mvua ikukute. Matokeo ni yale yale: upande mmoja, na kidole gumba juu ya kitufe.

Kuna jambo la pili ambalo nyanya wengi wa Kisii na Nyamira wanalijua kuliko wajukuu wao. Katika simu nyingi zenye redio, waya wa iafoni ndio eriali. Mtu anayesikiliza Egesa FM akipalilia shamba lake anauhitaji waya huo ili kuinasa stesheni, hata kama hakuna intaneti wala salio. Isiyo na waya haimfai kwa kazi hiyo.

UKIENDA KUNUNUA

Basi, mzazi au mwanafunzi unayetoka kununua iafoni wiki hii, fanya yafuatayo.

Nenda na simu yako, usijaribu kwa simu ya mchuuzi. Sikiliza upande wa L peke yake, kisha wa R peke yake, kisha pamoja. Sauti ziwe sawa, asiwepo aliye mnyonge. Wimbo ukiendelea, ukunje waya taratibu karibu na pini na karibu na vidude. Ukisikia mkwaruzo au sauti ikikatika, rudisha.

Tazama shingo ya pini. Iwe na kikole cha mpira laini chenye urefu wa kutosha, kinachopinda pamoja na waya. Iliyo ngumu kama msumari itakata waya mapema. Pini iliyopinda kama kiwiko huwafaa wanaotia simu mfukoni.

Tafuta alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), na uwe mwangalifu na jina kubwa lililo kwenye bei ndogo. Kenya ina sheria ya kupambana na bidhaa ghushi tangu 2008 na ya kumlinda mtumiaji tangu 2012, lakini sheria haiwezi kukusaidia sana ikiwa hukumbuki hata ulinunua kwa nani. Nunua kwa mwenye duka au kibanda cha kudumu na uombe risiti.

Piga hesabu pia. Dada alitumia Sh500 kwa iafoni tano za Sh100. Kwa pesa hizo hizo tulipata moja yenye shingo imara na jozi tatu za vifuniko, na mwenye duka akakubali kuandika kwenye risiti kwamba ikiharibika ndani ya mwezi atatubadilishia.

Ukifika nyumbani, izungushe kwa duara kubwa, usiifunge fundo wala kuizungushia simu. Shika pini unapochomoa, usivute waya. Pangusa vifuniko kila wiki, na usibadilishane na rafiki, kwani uchafu na maradhi ya masikio hupitia humo. Ukitembea kando ya barabara ile ya Kisumu au ukiendesha bodaboda, iafoni ikae mfukoni. Lori halisubiri wimbo uishe.

Na sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa simu. Upande mmoja ukifa, tengeneza siku hiyo hiyo au uache kabisa.

HABARI ZA KIJANA

Pengine unataka kujua yaliyomfika mpwa wangu. Tulimpeleka hospitalini mjini Kisii. Daktari alikuta nta imejaa katika sikio la kulia, imeshindiliwa ndani na kile kidude. Aliitoa, na kijana akatabasamu, akasema dunia imefunguka. Dada akashukuru Mungu kwa sauti.

Kisha alifanyiwa kipimo cha kusikia, akabonyeza kitufe kila aliposikia mlio. Katika sauti za chini masikio yote mawili yalikuwa sawa. Katika milio ya juu, karibu na mitetemo 4,000 kwa sekunde, sikio la kulia lilikuwa limeshuka. Daktari alieleza kwamba hiyo ni alama ya kawaida ya kelele. Si kubwa, atasoma na kuishi vizuri. Lakini kilichoshuka hakitarudi, na kazi iliyobaki ni kuzuia kisishuke zaidi.

Njiani kurudi hakuna aliyesema neno. Tulipofika steji ya Nyakoe, kijana aliuliza kwa sauti ndogo, "Mjomba, wale nyenje wataisha?"

Nilimwambia ukweli: pengine watapungua akipumzisha sikio, pengine atabaki mmoja. Aliitikia kwa kichwa, akaichukua ile iafoni mpya na kumkabidhi mamake amwekee kwa mwezi mmoja. Hakuna aliyekuwa amemwambia afanye hivyo.

Basi leo jioni, mzazi, muulize mwanao swali moja tu: iafoni yako inalia pande zote mbili? Na ukimwona anageuza kichwa ili akusikie, usimwite mkaidi kabla hujampeleka kupimwa.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri ya kuonana.